Je, wajua kwa nini Waigbo walianzisha mhadhara wa pili wa kila mwaka wakati wa kwanza upo?

Ukifika kwenye shughuli ya Waigbo kule mashariki ya Nigeria, kabla ya lolote inaletwa ọjị, ile kokwa ya mti wa kola, mzee anaishika mkononi anaiombea dua halafu inapasuliwa na watu wanahesabu vipande, vikitoka vinne roho zinatulia kwasababu vinne ndo siku za soko lao, eke, orie, afọ na nkwọ, ndo wiki yao ya asili. Na ile dua lazima iwe kwa Kiigbo, wanasema ọjị haisikii Kiingereza. Hata kama mzee ana digrii tatu za Ulaya, pale ataongea Kiigbo.

Shika hilo la ọjị maana jibu la swali letu limekaa humo humo.

Mwaka 1979, miaka 9 tu tangu viishe vita vya Biafra, vile vya Waigbo kutaka kujitenga na Nigeria, serikali ya jimbo la Imo ilianzisha mhadhara wa kila mwaka pale Owerri, mji mkuu wa jimbo, ukaitwa Ahiajoku. Ahiajoku ni mungu wa viazi vikuu, na kwa Waigbo kiazi kikuu si chakula tu, ndo kilikua kipimo cha mwanaume, ghala lako likijaa we ni mtu. Kwahiyo wasomi wakachukua jina la mungu wa mavuno wakalipa mkutano wa maprofesa, mi naona ni uamuzi mzuri sana, yaani na akili nayo inalimwa na kuvunwa. Wa kwanza kupanda jukwaani alikua Profesa Michael Echeruo na mada yake ilikua utambulisho, sisi ni nani. Mwaka uliofuata Profesa Bede Okigbo akaongelea mimea na chakula katika utamaduni wa Kiigbo, 1981 akaja mwanahistoria Adiele Afigbo. Watu waliotoka kupigwa vitani wanakaa chini kila mwaka wanaulizana tumetoka wapi, hii kwangu ni kubwa.

Ila sasa Echeruo aliongea Kiingereza, na waliomfuata mihadhara yao ikatoka kwa Kiingereza pia. Unaona tatizo linapoanzia? Ọjị haisikii Kiingereza lakini mhadhara wa kuwaeleza Waigbo wao ni nani unatoka kwa Kiingereza, maana yake yule mama anayeuza sokoni Owerri hotuba inayomhusu yeye inampita juu kabisa.

Ndo mwaka 1996 askofu mkuu wa Katoliki wa Owerri, Anthony Obinna, akaanzisha mwingine, Odenigbo. Sharti la Odenigbo ni moja, msomi anazungumza Kiigbo mwanzo mpaka mwisho. Sio salamu kwa Kiigbo halafu tunaendelea na lugha ya shule, hapana, hoja yote, ushahidi wote, kwa Kiigbo. Waliowahi kusomea kitu kwa Kiingereza chuoni wakarudi nyumbani kumweleza bibi wanajua jinsi hiyo kazi ilivyo ngumu, unajikuta maneno huna.

Mwaka 1999 akaitwa Chinua Achebe, yule mwandishi wa riwaya ya Things Fall Apart. Alikua anaishi Marekani kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali ya gari ya 1990 na hakuwahi kurudi Nigeria tangu hapo, safari hiyo ndo ilimrudisha. Mada yake aliiita Echi di ime, taa bụ gboo, yaani kesho ina mimba, leo bado mapema. Akaongea kwa lahaja ya kwao upande wa Ogidi, sio Kiigbo sanifu, na alifanya makusudi. Hasira yake ilikua kwa mmisionari wa Kianglikana Thomas Dennis ambaye aliongoza tafsiri ya Biblia iliyotoka 1913, alichukua lahaja tano (Onitsha, Owerri, Unwana, Arochukwu na Bonny) akazichanganya kwenye chungu kimoja. Achebe alisema matokeo yake ni lugha isiyo na mwenyewe, hakuna kijiji inapozungumzwa.

Sisi wa Kiswahili tunaielewa hii haraka. Mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa walichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na watu wa Kimvita, wenye mashairi ya miaka mingi, waliachwa kando, mpaka leo ukimgusa Mmombasa hapo atakujibu. Ila angalau sisi tulichaguliwa lahaja yenye wenyewe. Wenzetu walipikiwa mchanganyiko.

Halafu ikaja vita ya kuandika. Kuanzia 1929 Wakatoliki na Wamethodisti walikua na namna yao ya kuandika Kiigbo na Waanglikana yao, mtoto akihama shule anajifunza herufi upya, miaka 30 na ushee wanavutana hivyo. Mwalimu F. C. Ogbalu alianzisha chama cha kukuza lugha na utamaduni wa Kiigbo 1949 na akapambana sana kwenye hilo, mpaka 1961 kamati ya Dk. Ọnwụ ikaleta tahajia inayotumika leo, herufi 36. Zile nukta unazoziona chini ya ị, ọ na ụ ni sehemu ya tahajia hiyo.

Na bado kazi haijaisha. Chukua neno akwa. Ukipandisha sauti mwanzo na mwisho ni kilio, ukipandisha kisha ukashusha ni nguo, ukishusha kisha ukapandisha ni yai, ukishusha kote ni kitanda. Sisi tunayo kidogo kwenye barabara, ile ya kupita na ile ya sawasawa, lakini kwao ni lugha nzima. Kwahiyo leo wasomi wao wanakutana mpaka nje, Marekani kuna Igbo Studies Association na mkutano wake wa kila mwaka, London pale SOAS, chuo cha masomo ya Afrika na Asia, nako kumekua na kongamano la Kiigbo, huku kijana akimtumia mama yake meseji anaandika akwa bila alama yoyote na mama ndo anaamua mwenyewe kama mwanae anataka nguo au analia.