"Stationary" na "stationery": si suala la Mwingereza na Mmarekani

Ukishuka Mwenge, Dar es Salaam, ukaelekea Chuo Kikuu, au ukizunguka Kariakoo, hukosi kibao kilichoandikwa "Stationary". Ndani kuna madaftari, kalamu na mashine ya kutoa kopi. Wengi hutetea kwamba hiyo ni tahajia ya Kimarekani, na yenye "e" ni ya Uingereza.

Si kweli. Tofauti ya namna hiyo ipo kwenye "colour" na "color". Haya ni maneno mawili, iwe London au Chicago. "Stationary" ni kitu kilichosimama, kisichosogea, kama daladala kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni. "Stationery" ni karatasi, bahasha na vifaa vya kuandikia.

Ila anayechanganya ana udhuru, maana maneno haya ni ndugu wa damu. Yote asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya kusimama mahali. Katika Ulaya ya zama za kati, wachuuzi wengi walitembeza bidhaa kama wamachinga wetu. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, mara nyingi jirani na chuo kikuu (Mwenge hiyo!), akaitwa "stationer". Bidhaa zake ndizo "stationery". Ile "er" ni ya mtu, kama kwenye "baker", mwoka mikate. Matamshi hayasaidii kitu, yanafanana.

Fundi wa vibao huandika alichopewa. Mwandikie hiyo "e" kwenye karatasi kabla hujamlipa, au andika tu steshenari.