Gari Kukaza Si Gari Kushika Barabara

Tafadhali, weka grainda chini.

Nimeletewa picha nyingine. Gari dogo la viti viwili, bodi imenyooshwa na kupigwa rangi safi, injini imefunguliwa ikafungwa upya kwa uangalifu ambao hata mimi nauonea wivu. Halafu ukichungulia chini, springi zimekatwa mzunguko mmoja na nusu kila gurudumu, na maelezo ni yale yale: sasa limeshuka, limekaza, halilali (yaani haliinamii upande) kwenye kona, linashika barabara kama sumaku. Hapana, bwana. Halilali kwa sababu halina tena nafasi ya kulala. Limekalia mpira wa kugotea, ule unaoizuia shokapu ikifika mwisho, na wewe unauita huo mshiko.

Springi yenyewe niipitie haraka, maana hapo hakuna ubishi. Ugumu wake unatokana na unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene wa waya unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne, ndiyo maana waya ulionenepa kwa asilimia 10 tu unatoa springi ngumu zaidi kwa asilimia 46 hivi. Mizunguko nayo inakwenda kinyume: springi ya mizunguko 6 ukiikata mmoja, ugumu unapanda asilimia 20. Kwa hiyo ni kweli, springi iliyokatwa ni ngumu zaidi. Kwenye hadithi nzima ya kukata, ukweli ni huo tu.

Sasa angalia ulichotoa. Tuseme gari lilikuwa na milimita 70 za kushuka kabla shokapu haijagota. Umelishusha 40, zimebaki 30. Springi yako mpya ni ngumu kwa asilimia 20, basi milimita 30 hizo zinabeba mzigo ambao springi ya zamani ingeubeba kwa milimita 36. Zamani ulikuwa na 70. Yaani umejiongezea kidogo na kujinyang'anya karibu nusu. Gari linaingia kwenye kona, gurudumu la nje linapanda, linapiga mpira wa kugotea, na ghafla upande ule unakuwa mgumu mara kadhaa. Likigota mbele, pua inakataa kugeuka. Likigota nyuma, mkia unatoka, na unatoka bila hodi, katikati ya kona, mahali palipo na kitundu kidogo ambacho jana ulikipita salama kwa sababu ulikuwa unakwenda polepole kidogo.

Huamini? Chukua kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ile nyembamba kabisa. Ifunge kwenye fimbo ya shokapu, isikaze sana, kisha isukume hadi iguse sili, pale fimbo inapoingia kwenye shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, rudi, chungulia na tochi. Kamba itakuwa imesukumwa juu na kubaki pale shokapu ilipofika. Ukiikuta imebanwa kwenye mpira, umepata jibu, na halihitaji maoni ya mtu yeyote.

Kuhusu kukata kwa gesi sisemi kitu, ila kwamba moto unaua uimara wa chuma pale ulipopita. Na ncha iliyokatwa haikai tena vizuri kwenye kikombe chake. Pandisha gari kwa jeki, magurudumu yaning'inie, halafu tikisa springi kwa mkono. Ikicheza, siku gari likiruka tuta inaweza kutoka mahali pake.

Lakini kinachoniudhi hasa si kukata. Ni imani iliyo nyuma yake, na hiyo wanayo hata wale walionunua springi za bei kubwa na wanaowacheka wakataji. Wanaamini kwamba gari likilala ndipo uzito unahamia magurudumu ya nje, kwa hiyo ukizuia kulala umezuia uzito kuhama. Inasikika vizuri kabisa. Si kweli.

Uzito unahama kwa sababu gari linakata kona. Matairi yanavuta kule chini kwenye lami, na kitovu cha uzito kiko juu, karibu nusu mita. Hesabu yake ni mstari mmoja: uzito wa gari, mara ukali wa kona, mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Chukua gari la kilo 960, kitovu cha uzito kiko sentimita 46 kutoka chini, upana sentimita 141, kona ya 0.8 ya mvutano wa dunia. Unapata kama kilo 250 zinazotoka ndani kwenda nje. Sasa tafuta springi kwenye hesabu hiyo. Haimo. Stebilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana, haimo. Shokapu haimo. Weka springi za chuma kitupu kama mhimili wa daraja, kilo 250 zitahama vilevile. Kulala kwenyewe kunakisogeza kitovu cha uzito pembeni kidogo tu, na mchango wake ni mdogo kiasi kwamba nauruka.

Kushusha gari kumo, ndiyo, kwenye kimo. Lishushe sentimita 3, kitovu kiwe 43: kilo 250 zinakuwa 234. Kilo 16. Umetafuta springi, umevunja mgongo chini ya gari, umeipoteza nafasi ya shokapu kushuka, unapata kilo 16. Kuna wanaobeba zaidi ya hizo kwenye buti, na nusu yake ni spana zisizotumika.

Basi ugumu unafanya nini? Unagawa. Jumla haibadiliki, ila springi na stebilaiza ndizo zinazoamua mbele ichukue kiasi gani cha huo uzito unaohama na nyuma ichukue kiasi gani. Na tairi lina tabia moja muhimu: ukiliongezea mzigo mara mbili, halikupi mshiko mara mbili. Linakupa pungufu ya hapo. Kwa hiyo jozi ya matairi inayobebeshwa tofauti kubwa zaidi kati ya nje na ndani ndiyo inayopoteza. Mtu anafunga stebilaiza nene mbele ili pua igeuke haraka. Anageuza usukani, gari linaitika papo hapo, anafurahi. Nusu sekunde baadaye pua inaanza kuteleza kwenda nje, naye anasema matairi ni mabovu.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, maana vitabu huiachia sheria hiyo ilivyo kana kwamba haina mlango wa nyuma. Kwenye magari ambayo mbele shokapu yenyewe ndiyo nguzo ya gurudumu, gari likilala tairi la nje linalala nalo na kukanyaga kwa ukingo. Hapo stebilaiza nene mbele inaweza kuongeza mshiko badala ya kuupunguza, kwa sababu tu imelibakiza tairi wima. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba nikiulizwa "niongeze mbele au nyuma?" bila kuambiwa ni gari gani, sijibu.

Wanaotengeneza magari haya walilijua hili zamani. Lotus Elan ya mwaka 1962, gari ambalo mpaka leo watu hulitaja wakizungumzia usukani mtamu, lilikuwa na springi laini na nafasi ndefu ya gurudumu kupanda na kushuka. Wepesi ndio uliofanya kazi, halikufika kilo 700. Mazda MX-5 iliyooneshwa Chicago mwaka 1989 ilifuata njia hiyo hiyo: nyepesi, amu mbili (mikono ya chuma inayoshika gurudumu) kila gurudumu mbele na nyuma, matairi membamba ya 185 kwenye rimu za inchi 14. Ukiendesha moja isiyochezewa utashangaa linavyolala. Linalala, na linapita.

Halafu kuna umbo la amu. Gari likiwa kwenye kimo chake, amu za chini zinakaribia kulala usawa au zinainamia kidogo kuelekea gurudumu. Lishushe sana, zinaelekea juu, na ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka, hasa kwenye magari ya nguzo ya shokapu. Nafasi kati ya hizo mbili inakuwa ndefu, na hiyo nafasi ndiyo mkono unaolilaza gari. Matokeo yake gari lililoshushwa linataka kulala zaidi kuliko lilivyotaka mwanzo, na sehemu ya ugumu uliouongeza inaishia kulipa deni hilo. Naichora nukta hiyo kwenye karatasi kama kila mtu, ila nakiri kwamba siiamini sana. Mara gari linapolala, nukta inahama, na mchoro uliochorwa gari likiwa limesimama unaeleza gari lililosimama. Naitumia kujua mwelekeo, si kipimo. Tairodi, fimbo zinazogeuza magurudumu ya usukani, nazo zinapoteza mlingano na amu, gurudumu likipanda linajigeuza lenyewe. Ukiona usukani unakuvuta kwenye kila shimo, anzia hapo.

Shokapu: springi ikiwa ngumu mara mbili, shokapu ile ile inabaki na asilimia 71 ya uwezo wake wa kuituliza. Na yako ilikuwa imechoka tangu hujaanza. Kwa hiyo springi na shokapu hununuliwa pamoja, zikiwa zimepangwa pamoja. Naendelea.

Bushi, yale maungio ya mpira kwenye ncha za amu. Hapa nikae kidogo, kwa sababu hata mafundi wazuri wanakosea na hakuna anayewaambia. Bushi ya kawaida ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umeshikamana na bomba la ndani na la nje, na amu ikipanda au kushuka mpira unajinyonga. Fundi anafunga amu mpya gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, anakaza boliti hadi mwisho, bomba la ndani limeshabanwa pale pale. Anashusha gari. Kila bushi imenyongwa hata kabla hujawasha injini, na gari limekaa juu kuliko linavyotakiwa kwa sababu mpira unalisukuma. Mwenye gari anatazama, anasema mbona liko juu, anachukua grainda. Jamani! Acha boliti za bushi zikiwa zimeshikwa tu, shusha gari juu ya magurudumu yake, mahali ambapo bado unaweza kuingia chini kwa usalama, lisukume mbele na nyuma lijikalie, halafu ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kazi ya nusu saa. Bushi zilizokazwa vibaya zinachanika mapema, na mwenye gari anahitimisha kwamba mpira haufai, anunue zile za poliyurethini, plastiki ngumu kuliko mpira.

Ambazo sizichukii. Ila wanaozisifu hulinganisha bushi mpya ya poliyurethini na mpira wa miaka ishirini na tano uliopasuka hadi unaona mwanga upande wa pili. Chochote kipya kingeshinda. Nimefunga za aina zote mbili kwenye magari yanayofanana, na kama ungenipa yote mawili bila kuniambia lipi ni lipi, sina hakika ningeyatofautisha kwenye kona. Kelele ningezisikia.

Na bodi je? Gari lisilo na paa la chuma linategemea sanduku za chuma za chini ya milango kulishika lisijikunje. Sanduku hizo zikiliwa na kutu kwa ndani, na kwenye magari ya paa la turubai huliwa sana kwa sababu mirija ya kutolea maji ya paa huziba na maji kuingia humo, bodi yenyewe inageuka springi ya tano, isiyo na shokapu. Kuweka springi ngumu kwenye bodi ya namna hiyo ni kuhamisha mkunjo tu. Piga piga kwa kishikio cha bisibisi, nyuma karibu na gurudumu. Sauti ikibadilika kutoka mlio hadi mguno, fedha ya springi ipeleke kwa mchomeleaji.

Kwa nini basi watu wanaendelea kuapa kwamba gari lao limeshika? Kwa sababu linahisi hivyo, na simlaumu mtu. Mwili hupima mtikisiko, kelele na jinsi usukani unavyoitika mara ya kwanza, na springi ngumu zinaongeza vyote vitatu. Kuitika haraka ni kweli, sikatai. Kwenye njia laini ya mashindano, kwa matairi yanayoshika sana, ugumu una kazi yake halali. Kwenye barabara yenye viraka, gurudumu lililo hewani halishiki kitu.

Kabla ya yote hayo, soma ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nimeona springi za kifahari juu ya matairi ya namna hiyo, magumu kama kwato.

Ukishabadilisha unachotaka kubadilisha, peleka alaimenti, kupimwa na kurekebishwa mielekeo ya magurudumu, na nenda na vipimo vyako mkononi, usikubali "nimekuwekea vya kampuni" ikiwa kimo si cha kampuni tena. Kwa gari dogo la kuendesha barabarani mimi huanzia kemba (mwinamo wa gurudumu, hasi ni juu kuingia ndani) ya nyuzi 1 hasi mbele, 1 na nusu nyuma, magurudumu ya mbele sambamba kabisa, ya nyuma yakiingia ndani kidogo ili mkia utulie. Kaa kwenye kiti wakati wanapima, au weka mzigo wa uzito wako. Kwenye gari la kilo 900 na kitu, dereva ni sehemu kubwa ya mzigo, na vipimo vya kiti kitupu ni vya gari ambalo hakuna anayeliendesha.