"Hatuna intaneti" si sababu ya kufungia vishikwambi kabatini

Kila shule ninayoitwa, mwalimu mkuu ananipokea na kauli ileile: "Fundi, vishikwambi tunavyo, tatizo bando." Muhula unaisha, kabati halijafunguliwa. Inaniuma.

Tuelewane: Wi-Fi si intaneti. Ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, inaunganisha vishikwambi na seva, yaani kompyuta inayotunza masomo, iliyo humo humo shuleni, na kama masomo yamo kwenye seva, mwanafunzi anayafungua bila bando hata la shilingi mia. Programu ya Kolibri imeundwa kwa kazi hiyo. Unapakua masomo mara moja ukiwa mjini, unayabeba kwenye diski, unayapakia kwenye seva. Haidai mashine kubwa: Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, inaimudu. Mtoto anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva, video inacheza. Kinachohitajika ni umeme, na hata sola inatosha.

Anayebisha aitazame Tanga. Kuanzia mwisho wa 2017, Global Learning XPRIZE, mashindano ya kimataifa ya kubuni programu za kufundishia watoto, yaligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi. Masomo ya Kiswahili yalikuwa ndani ya kifaa chenyewe, na chaji ilitoka kwenye vituo vya sola. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Sasa bando la nini kwanza?

Wapo pia wanaodai kwamba kila mtoto akipata kifaa chake, ufaulu utapanda wenyewe. Peru iligawa laptopu kwa mamia ya maelfu, na tathmini ya 2012 katika shule 319 za vijijini haikuona nafuu yoyote kwenye hisabati wala lugha. Mpeni mwalimu mafunzo na ratiba kabla ya kuagiza vifaa. Vishikwambi kumi vinavyotumika kila Jumanne vina faida kuliko mia vya maonyesho.

Na hili la kuvifungia "visiharibike": betri ya lithiamu ikiachwa miezi bila chaji ndiyo inakufa. Likizo ikifika, zichajini hadi nusu, zimeni, na mtu mmoja apewe ufunguo wa kuzikagua kila mwezi.