Vumbi kwenye paneli za sola: linavyokula umeme jangwani, na huku kwetu kiangazi

Ukisema jangwa watu wanawaza jua kali, basi wanaona huko ndo sola inapiga kazi kuliko kote. Jua lipo kweli, ila vumbi nalo lipo na mvua ya kuliosha hakuna. Mwanga unaishia kwenye vumbi juu ya kioo badala ya kufika kwenye seli (vile vipande vya ndani vinavyotengeneza umeme), na sehemu zenye vumbi sana hasara inaweza kufika hata asilimia 1 kwa siku, sasa kaa mwezi mzima bila kufuta uone. Ndo maana mashamba mengi ya sola ya jangwani yana roboti zenye brashi zinazofuta kavu, maji huko ni ghali.

Vumbi kavu lenyewe sio baya sana, upepo unapunguza. Shida umande. Usiku kioo kinapoa kuliko hewa, kinashika unyevu, vumbi linalowa, chumvi zilizomo zinayeyuka, asubuhi jua likipiga inakauka na kushika kama plasta, ikijirudia usiku kadhaa hata upepo mkali hauliondoi tena.

Sasa Ismani na Pawaga za Iringa au Mbarali ya Mbeya sio jangwa, lakini mwezi wa 7 mpaka wa 10 hakuna mvua, malori yanatimua vumbi, watu wanachoma mashamba, na kwa wale wa juu kule Mbeya umande wa asubuhi mnaujua wenyewe. Ukoko ni uleule.

Panda uangalie ukingo wa chini wa fremu, utakuta mstari wa kahawia. Huo ni mbaya kuliko vumbi jepesi lililotanda sawasawa, sababu seli zimeungwa mfululizo, iliyofunikwa inabana mkondo wa wenzake na inaweza kupata joto mpaka ikaungua. Kwa hiyo umeme ukipungua, kabla fundi hajakuuzia betri mpya (na atakuuzia tu) anza na huo mstari.

Manyunyu ya kwanza msiyategemee, yanalowesha tu na kuacha matope, mvua kubwa ndo inaosha, tena kama paneli imeinama, iliyolazwa bapa maji yanatuama. Osha asubuhi mapema kioo kikiwa cha baridi, mwagia maji kwanza ukoko ulainike halafu sponji laini, stili waya na sabuni ya unga weka mbali. Maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia juu yanaacha madoa meupe, malizia na kitambaa.