Je, wajua dawa inatolewaje ndani ya jani? Sio kwa kuchuja

Miaka mingi niliamini maabara wanachuja tu, yani unachemsha mwarobaini, unapitisha kwenye chujio laini kuliko la chai, uchafu unabaki dawa inapita. Sivyo. Ukishachemsha jani, vitu kibao vimeyeyuka kwenye maji yaleyale, chuja hata mara mia vitapita vyote pamoja. Halafu nikaja kusikia kuna mrija wa kioo umejazwa unga mweupe, nikasema basi chujio si ndo hilo, vidogo vinapita vikubwa vinakwama. Napo nilikosea, na nimekuta wengi tuna imani hiyohiyo.

Ule unga mara nyingi ni silika, ileile ya vipakiti vya punje kwenye boksi la viatu vipya, ila imesagwa. Njia yenyewe ni kromatografia.

Sasa fikiria Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, jioni. Watu ishirini wanaingia pamoja, umati unawasukuma mwendo mmoja. Kuna asiye na shida na kitu, huyo katokea upande wa pili mapema. Mwingine kila meza anasimama, anashika kitenge, anauliza bei, anaachia, anasukumwa, meza ya mbele anasimama tena. Huyu anatoka wa mwisho hata kama ndo mwembamba kuliko wote, maana kilichomchelewesha ni muda aliokaa mezani. Meza ndo silika, umati ni kimiminika unachomimina juu, mfano heksani, na wapita njia ni vile vitu vya kwenye jani. Ving'ang'anizi unavibandua kwa kuongeza kidogokidogo kimiminika kingine chenye nguvu zaidi ya kubandua, mfano ethili asetati, huku chini unakinga chupa baada ya chupa.

Mikhail Tsvet, Mrusi wa mambo ya mimea, alifanya hivi mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa unga wa chaki, rangi za majani zikajipanga mistari, kijani kivyake njano kivyake.

Ipo aina ambayo ukubwa unahusika kweli, lakini humo vikubwa ndo vinatangulia! Vidogo vinazama kwenye vitundu vya punje vinapoteza muda.

Ila kitu kutoka safi sio ushahidi kwamba kinatibu, kila chupa lazima ipimwe peke yake. Artemisinini ya kwenye dawa mseto ya malaria, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake kule China waliipata ikiwa safi mwaka 1972, baada ya kugundua kwamba moto wa kuchemshia ulikuwa unaiua nguvu yake. Na kuna mimea ukishaitenganisha hakuna chupa hata moja yenye nguvu kama ya mchanganyiko wa mwanzo, huenda vilikuwa vinasaidiana, huenda kimoja kimeharibika njiani.

Ukitaka kuona kwa macho, weka nukta ya maka peni nyeusi inayofutika kwa maji kwenye tishu, chovya ncha ya chini tu, nukta isiguse maji, subiri. Weusi utaachana kuwa bluu, pinki, mara nyingine na njano.