Amri ya kumrudisha mtoto imetoka: unaipingaje?

Simu nyingi ninazopokea huja jioni ya siku ya hukumu. Mahakama imeamuru mtoto arudishwe nchi alikotolewa, na mzazi anataka majaji wa rufaa waelezwe jinsi anavyomlea vizuri kuliko mwenzake. Namsikiliza, kisha namuuliza: amri inaanza kutekelezwa lini?

Mkataba wa Hague wa 1980, unaohusu watoto wanaochukuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine, hauamui mtoto akae na nani. Unauliza kama alihamishwa au kuzuiliwa isivyo halali mbali na nchi ya makazi yake ya kawaida. Suala la malezi litaamuliwa huko. Kifungu cha 11 kinadai haraka, na zikipita wiki sita bila uamuzi, mwombaji ana haki ya kuuliza sababu. Utaratibu wa rufaa umeachiwa kila nchi, kwa hiyo hesabu siku zako kwanza, hoja baadaye.

Kosa ambalo hata mawakili wenzangu hulifanya ni kudhani kuwa rufaa yenyewe inasimamisha amri. Kwingi haisimamishi. Zuio la utekelezaji huombwa peke yake, na ukilisahau, mtoto atapanda ndege huku faili lako likisubiri kupangiwa majaji. Mwaka 2013 suala hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mtoto alikuwa ameshapelekwa Scotland, na mahakama ya rufaa ikasema hakuna tena cha kuamua. Majaji wote wa Mahakama ya Juu walikataa: rufaa bado ilikuwa hai. Ila walionya kwamba zuio lisitolewe kwa mazoea tu. Nami huwaambia wateja kwamba ushindi wa aina hiyo una uchungu wake, kwa kuwa mahakama za nchi ya pili hazilazimiki kuinama mbele ya amri yako mpya.

Sasa hoja. Majaji wa rufaa kwa kawaida hawasikilizi kesi upya. Aliyewaona mashahidi ni jaji wa kwanza, na alichokiona ukweli huguswa kwa nadra. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ya Marekani ilisema hata uamuzi kuhusu makazi ya kawaida utatenguliwa tu pale kosa lilipo dhahiri. Basi mimi hutafuta jaji aliyegeuza shauri kuwa la malezi, au aliyeitaja hatari kubwa ya kifungu cha 13, yaani dai kwamba mtoto ataumia akirudishwa, kwa mstari mmoja na kusonga mbele.

Hapo kwenye hatari ndipo penye uzito. Katika shauri dhidi ya Latvia, mama alipeleka kwenye rufaa cheti cha mwanasaikolojia kilichoonya kwamba mtoto ataumia akitenganishwa naye. Mahakama ya huko ilikataa kukipima, ikidai hayo ni mambo ya malezi. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona haki ya maisha ya familia imevunjwa, kwa kura 9 dhidi ya 8. Haikusema mtoto asirudishwe. Ilisema dai la hatari linaloweza kuwa na msingi lazima lipimwe kikweli na kujibiwa kwa sababu.

Ukinipigia, uwe na nakala ya hukumu, mwenendo wa shauri na kila ripoti ya mtaalamu iliyowasilishwa. Picha za sherehe za kuzaliwa ziache nyumbani.