Likizo na safari ya uenyeji: tofauti iko siku ya tatu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Neno likizo, au livu kama wengine walivyozoea kuliita, makao yake ni hapo: ni muda wa kuiacha kazi. Halikuambii uende wapi. Ukizimaliza siku zote 21 kwenye kochi lako mtaani Umoja, Nairobi, ukitazama mpira, ulikuwa likizo halali kabisa.

Kuna safari ya aina nyingine, ile inayopimwa kwa ulikoingia. Kiingereza kinaiita kwa neno la kutumbukia majini, "immersion", na anayelitafsiri juujuu hupata "safari ya kuzama". Mwambie mtu wa Pwani kwamba umekwenda safari ya kuzama uone atakavyokutazama. Ukijaribu "kuzamia" umeharibu zaidi, maana huko ni kudandia meli kwa siri bila nauli. Mimi nitaiita safari ya uenyeji: unakwenda kwa watu, unaishi kwa saa zao, unashika kazi wanayoshika, na kwa siku kadhaa unakubali kuwa mjinga wa nyumba.

Waswahili walishaichora mipaka yake zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zile mbili za kwanza ndizo likizo. Unaandaliwa, unatandikiwa, ukinyanyua sahani wanakupokonya. Safari ya uenyeji huanza jembe linapokufikia mkononi. Hoteli nayo ni nyumba ambayo siku ya tatu haifiki, hata ukikaa humo mwezi mzima. Umelipa hela zako hasa ili jembe lisije.

Watu wa Nairobi tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Mtoto wa Buruburu akipelekwa ushago, yaani kijijini, Agosti, shangazi hamwulizi kama amekuja kupumzika. Anapewa mtungi. Kufikia wiki ya pili anajua ng'ombe yupi hupiga teke na jirani yupi hasalimiwi. Kasoro ni kwamba kule ni kwao, kosa lake litasamehewa kwa sababu ya damu. Ugumu, na utamu pia, huja pale ambapo watu si wako.

Mwaka mmoja mimi na jirani yangu tulipanda Madaraka Express moja pale Syokimau, treni hii iliyoanza 2017. Mombasa tukaagana. Yeye alivuka feri ya Likoni akaelekea Diani, kwenye hoteli ya chakula chote ndani. Mimi nilipanda basi la kaskazini hadi Mokowe, nikashika boti kwenda Lamu, kwa mama mmoja anayepangisha chumba cha juu. Nilibeba sukari, majani ya chai na mchele, maana mkono mtupu haulambwi, na kodi ya chumba nikalipa vilevile. Hili nalisisitiza: anayekwenda kuishi na watu bure akidai anatafuta maisha halisi, huyo ni doezi tu.

Asubuhi ya tatu mama akaniambia nishuke jikoni nikamshikie mbuzi. Mimi wa bara nikatafuta kamba. Kumbe mbuzi ni kile kiti kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wa meno mbele, unaketi juu yake unakuna nazi. Nikakuna kwa nguvu za Nairobi. Mama akachungulia bakuli, akaona nazi niliyoikuna ina rangi ya kahawia.

"Mwanangu, wakuna nazi ama wakuna kifuu?"

Nikafundishwa kuzungusha nazi badala ya kuisukuma, kuacha kabla ya kufika kwenye ngozi, kisha kukamua kwa kifumbu: tui zito la kwanza likiwekwa kando, la pili jepesi ndilo la kuanza kupikia. Kutwa nzima nilikuwa njiani nikitumwa, nikipisha punda kwenye vichochoro vya mji ule uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mji wenyewe niliuona nikiwa na kapu mkononi, na labda ndiyo sababu naukumbuka kwa harufu zaidi ya picha.

Kuna wanaouza vitu hivi kwa vipande: saa mbili za "maisha halisi", ngoma, chai, picha, mnarudishwa garini. Hayo ni maonyesho. Hayana ubaya yakiitwa hivyo, na wachezaji wakilipwa vizuri. Kinachonikera ni msafara wa kamera unaopita Kibera ukitazama watu wakifua. Anayetaka kuijua Nairobi na apange chumba mtaani, apande matatu saa kumi na mbili asubuhi, anunue sukuma kwa mama mboga yuleyule mpaka siku atakayokopeshwa. Deni la shilingi ishirini kwa mama mboga ni uthibitisho mzuri kuliko picha mia.

Wala sisemi likizo ni ya wavivu. Muuguzi aliyetoka zamu za usiku mfululizo, ukimkalisha kwenye mbuzi akune nazi utakuwa umemtesa. Huyo mpe kitanda, bahari na simu iliyozimwa. Siku nne zinamtosha, ilhali uenyeji wa siku nne haujafika hata kwenye majina ya watoto wa nyumba.

Jirani alirudi kutoka Diani amenawiri, akasema amelala kama mtoto. Akaniuliza mapumziko yangu yalikuwaje. Nilikuwa na plasta vidole viwili, mgongo unauma, na kwenye begi nazi tano nilizopewa na mama, ambazo hapa Nairobi sina mbuzi ya kuzikunia.